Pwani Mlima Wetu ni Upepo: Mambo Yampasayo Kujua Mwendesha Baiskeli

Siku hizi ukivuka daraja la Nyali alfajiri ya Jumamosi utawaona: vijana kwa makundi, kofia ngumu vichwani, baiskeli nyembamba za mbio, wanaelekea Mtwapa na Kilifi. Pembeni yao wako wale ambao hawakuacha kuendesha tangu zamani: muuza madafu na mzigo wake, mchuuzi wa samaki anayewahi wateja, mlinzi anayetoka zamu ya usiku. Mmoja anafanya mazoezi, mwengine anatafuta riziki, lakini barabara ni moja na upepo ni mmoja.

Nimeendesha baiskeli katika barabara hizi za pwani na vilima vyake kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni hili: "Kwenda Kilifi nilikwenda kama ndege. Mbona kurudi nilikaribia kulia?" Wengine husema ni uchache wa mazoezi, wengine husema baiskeli ni mbovu. Mara nyingi si hili wala si lile. Ni upepo. Watu wa bara wana milima yao. Sisi wa pwani mlima wetu ni upepo. Tofauti ni kwamba mlima unauona kwa macho ukajitayarisha, lakini upepo unaokusukuma huuoni wala huuhisi mpaka ugeuze baiskeli kurudi nyumbani.

Nataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu kwa sababu si suala la mazoezi na starehe peke yake. Mwendesha baiskeli aliyeishiwa nguvu huyumba. Na anayeyumba wakati wa magharibi kati ya Mtwapa na Kisauni, matatu zikikimbizana kutafuta abiria, anahatarisha roho yake. Anayejua kusoma upepo hufika kwake jua likiwa bado liko juu.

Elimu ya manahodha

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa haya. Maisha ya pwani hii yalijengwa juu ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na ndiyo iliyoyarudisha kwao. Kati ya misimu hiyo kuna maleleji, kipindi cha tangambili, upepo usipokuwa na msimamo, leo huku kesho kule.

Sasa itazame ramani. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120, inafuata ufuo na kuelekea kaskazini, ikiinamia mashariki kidogo. Maana yake ni kwamba wakati wa kusi, anayekwenda Kilifi ana upepo mgongoni, na anayerudi Mombasa anao usoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda ni taabu, kurudi ni raha. Barabara ya kusini, kutoka Likoni kupitia Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, ni kinyume chake. Wakati wa kusi, anayetoka Likoni kwenda Ukunda anaanza na upepo usoni na kurudi akisukumwa.

Hapo tayari kuna kanuni ya kwanza, na ni nyepesi: toka nyumbani ukikabiliana na upepo, rudi nao. Anza na deni, umalize na faida. Mwezi wa Julai, mtu wa Mombasa anayetaka safari ndefu ya siku moja ni afadhali avuke Likoni aelekee kusini. Mwezi wa Januari aende Kilifi. Anayeishi Malindi au Watamu aende Kilifi mwezi wa Julai, si Januari.

Kuna na saa za siku. Alfajiri upepo huwa mdogo, na mara nyingine kuna umande, ule upepo mwanana utokao bara kuelekea baharini. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya bara huinuka, na ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Kwa hivyo kuanzia saa tano hivi upepo wa bahari hujiongeza juu ya ule wa msimu, na alasiri ndipo unapokuwa na nguvu kabisa. Ndiyo maana safari iliyoanza baada ya swala ya alfajiri na safari iliyoanza saa tatu asubuhi, hata zikiwa za njia moja, si safari moja.

Hesabu ya upepo

Kwa nini upepo unachosha kiasi hicho? Kwa sababu nguvu ya hewa inayokuzuia haipandi sawa na mwendo. Hupanda kwa mraba wake. Mwendo wako dhidi ya hewa ukizidi mara mbili, kizuizi huzidi mara nne. Tuseme unakwenda kilomita 20 kwa saa siku isiyo na upepo. Hewa inakupiga kwa mwendo huo huo wa 20. Sasa tuseme upepo wa kilomita 20 kwa saa unakuja usoni, nawe umeshikilia mwendo wako ule ule. Hewa inakupiga kwa 40, na kizuizi chake ni mara nne. Upepo huo huo ukiwa mgongoni, hewa haikuzuii kabisa. Unaiona barabara inateleza tu, na unajisifu kuwa leo una miguu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tuchukue safari ya Mombasa hadi Kilifi, kilomita kama 60, katika msimu wa kusi. Kijana anatoka saa tatu asubuhi, anasukumwa na upepo, anakwenda kilomita 30 kwa saa, na kufikia saa tano yuko Kilifi. Saa mbili tu! Anakula, anaswali adhuhuri, anapumzika kivulini, na saa nane anageuka akiamini kwamba saa kumi atakuwa kwake. Lakini upepo wa alasiri uko usoni na mwendo wake umeanguka hadi kilomita 15 kwa saa. Hizo ni saa nne. Atapita Mtwapa saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, na kuingia mjini saa kumi na mbili, jua likizama, bila taa kwa sababu hakudhani atahitaji.

Wengi hufikiri kwamba 30 ya kwenda na 15 ya kurudi ni sawa na 22 na nusu kila upande, yaani upepo umelipa ulichochukua. Sivyo. Kilomita 120 kwa mwendo wa 22 na nusu ni saa tano na dakika 20. Yeye ametumia saa sita kamili. Wastani wake ni kilomita 20, kwa sababu alikaa muda mrefu zaidi katika sehemu ngumu kuliko katika sehemu rahisi. Upepo haulipi deni lake lote hata siku moja.

Kwenye upepo, uzito si kitu. Upana ndio adui. Mwenye baiskeli nyepesi ya laki kadhaa, akikaa wima na shati limejaa hewa kama tanga, atachoka sawasawa na mwenye Black Mamba. Inamisha kiwiliwili, ingiza viwiko ndani, funga vifungo vya shati. Hayo hayagharimu hata senti moja. Na mkiwa kundi, fuataneni mstari mmoja. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa robo ya nguvu zake au zaidi, kwa hivyo pokezaneni mbele kila baada ya dakika chache. Katika mashindano ya Ulaya upepo wa ubavuni ukija utawaona wamejipanga mshazari hadi katikati ya barabara. Wao barabara imefungwa kwa ajili yao. Sisi yetu ina trela.

Upepo wa ubavuni na lori

Jambo hili silisikii likizungumzwa, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote katika makala haya.

Kusi na kaskazi, pamoja na kuwa moja husukuma na nyengine huzuia, zote mbili hutujia zikiwa zimeinama kutoka upande wa bahari. Katika nchi yetu tunaendesha upande wa kushoto. Ukielekea Malindi, uko ukingo wa bara na bahari iko kuliani kwako, pamoja na magari yanayokupita. Upepo unakusukuma kushoto, nje ya lami. Bila kufikiri, mwili wako huegemea kulia kidogo ili kujizuia. Sasa lori refu linakupita kwa upande huo huo wa kulia. Kwa sekunde mbili au tatu linaukinga upepo wote. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, na ukuta umeondolewa: baiskeli inakwenda kulia, kwenye magurudumu ya lori. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukutupa kushoto.

Ukirudi Mombasa mambo ni tofauti. Sasa uko ukingo wa baharini, na upepo unakujia kushoto ukikusukuma kuliani, kuelekea magari. Lori likipita halikukingi, lakini hewa inayokokotwa nyuma yake huongeza mvuto kuelekea katikati ya barabara.

Dawa yake ni hii. Ukisikia gari kubwa nyuma, usikaze mikono. Mikono iliyokaza huupeleka kila mtikisiko kwenye usukani. Legeza viwiko, shika kwa mikono yote miwili, shusha kifua, endelea kuzungusha pedali, na uwe umejiachia angalau nusu mita ya lami upande wako wa kushoto ili uwe na pa kwenda. Usiendeshe juu kabisa ya ukingo. Mwenye kubana ukingo huonekana mnyenyekevu, lakini hana nafasi ya kukosea.

Sehemu mbili zinahitaji tahadhari zaidi. Ya kwanza ni madaraja. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuchukua nafasi ya feri, liko juu sana na liko wazi. Hakuna mnazi wala nyumba ya kukinga upepo, na maungio yake ya chuma yanaweza kuteleza yakiwa na maji. Vuka ukiwa umenyooka, usikate kona juu yake. Ya pili ni pale miti au majengo yanapokatika ghafla. Ukiwa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hewa imetulia. Ukitoka mahali palipo wazi, upepo unakupokea kwa kofi.

Vilima vyetu si vidogo

Wageni hudhani pwani yote ni tambarare. Waende Kwale. Kutoka usawa wa bahari Likoni, unafuata barabara hadi Kombani, kisha unakata kulia kuelekea Matuga na Kwale. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari, ubavuni mwa hifadhi ya Shimba Hills. Kuuinua mwili wako na baiskeli yako mita 400 ni sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa zaidi ya 100.

Upande wa kaskazini kuna Mazeras, Rabai, Ribe, Jibana na Kaloleni. Huko mlima si mmoja mrefu. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, minazi na mikorosho pande zote. Wazee wa Kimijikenda walijua walichokifanya walipoziweka kaya zao juu ya vilima vyenye misitu: adui aliyefika juu alifika akihema. Misitu hiyo mitakatifu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwendesha baiskeli wa leo anakutana na ulinzi ule ule.

Na anayetaka mlima wa kweli aende Taita. Kutoka Voi unapitia Mwatate, kisha barabara inajipinda na kupanda hadi Wundanyi. Voi iko takriban mita 600, Wundanyi takriban 1,400. Juu zaidi kuna kilele cha Vuria, kinachozidi mita 2,200. Ukitoka kwenye joto la Voi ukafika Wundanyi jioni, utatafuta sweta.

Mlimani hesabu hubadilika. Unakwenda polepole, hewa haina kazi sana, na sasa uzito ndio unaotawala. Black Mamba ina kilo 20 na ushei. Baiskeli ya mbio ina nane hadi kumi. Tofauti hiyo ambayo kwenye upepo wa Kikambala haikuhisika, kwenye mteremko wa Kwale utaihisi kila hatua. Lakini usikimbilie kutumia pesa. Anayebeba maji lita tatu, kufuli kubwa na begi mgongoni amejibebesha mwenyewe.

Kanuni ya kupanda ni mwendo wa mtu mwenye adabu. Pwani hatupiti watu kimya. Ukipanda mlima na ukakutana na mzee kando ya njia, umwamkie shikamoo. Ukiweza kumaliza salamu na kuulizia hali yake bila kukatika pumzi, mwendo wako ni sawa. Ikiwa umeweza kutikisa kichwa tu, umezidisha. Punguza sasa, kabla mlima haujakupunguza wenyewe. Badilisha gia mapema, kabla mteremko haujakaza, kwa sababu ukingoja mpaka pedali zikwame, cheni huruka au hukatika. Na mwenye baiskeli isiyo na gia asione haya kushuka na kuisukuma. Wabebaji mizigo wa Kaloleni hufanya hivyo kila siku na hufika.

Kushuka ndiko kwenye kazi

Watu huuogopa mlima wakati wa kupanda, lakini kupanda huchosha tu. Kushuka ndiko kunakovunja mifupa. Ile kanuni ya mraba tuliyoiona kwenye upepo inarudi hapa kwa sura nyengine: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali unaohitaji kusimama huzidi mara nne. Kwa breki zilezile, aliyeweza kusimama kwa mita sita akiwa na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kwa kilomita 50 atahitaji mita 24, na hapo hatujahesabu muda wa kushtuka. Mbuzi wa Matuga hangoji mita 24.

Angalia breki zako kabla ya kupanda, si baada ya kufika juu. Mpira wa breki uliolika hadi chuma, au waya uliochanika nyuzi, ubadilishe kwa fundi wako nyumbani. Ni pesa kidogo. Ukishuka, tumia breki zote mbili, ukizibana taratibu. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiikamata ghafla itakurusha. Katika mteremko mrefu kama ule wa Wundanyi, usishike breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Breki za ukingo wa gurudumu huupasha moto ukingo huo, na joto likizidi linaweza kuipasua tyubu. Bana, achia, bana, achia. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na wenye zile breki za vyuma vya zamani wajue kwamba mvua ikinyesha, nguvu zake hupungua sana.

Kuhusu mvua, tahadhari kubwa ni mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi lililoganda juu ya lami, na barabara huteleza kama sahani yenye samli. Kwenye vilima vya Rabai ongeza udongo mwekundu unaosukumwa na maji hadi barabarani. Ikiwezekana ngoja mvua ioshe njia kwanza.

Maji, chumvi na nguo

Katika joto letu mtu anayejitahidi hupoteza lita moja ya jasho kwa saa, pengine zaidi. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo. Ukingoja kiu umechelewa. Dafu ni zuri sana, lina sukari ya kiasi na madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na chumvi ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho. Ndiyo maana mtu aweza kunywa madafu matatu na bado misuli ikamkaza. Tia chumvi kidogo kwenye chupa yako ya maji pamoja na ndimu na sukari, au kula kitu chenye chumvi. Mahamri mawili na mbaazi kabla ya kutoka ni chakula kamili cha safari. Viazi karai barabarani si haramu. Wenye kisukari au shinikizo la damu wazungumze na daktari wao kwanza kuhusu chumvi na sukari hizo.

Wakati wa Ramadhani, aliyefunga asifanye safari ndefu mchana. Safari fupi na ya polepole katika saa ya mwisho kabla ya futari inatosha, kwa kuwa maji yako karibu.

Dada zetu wengi wananiambia wanatamani kuendesha, na kinachowazuia ni nguo na maneno ya watu. Maneno ya watu sina dawa yake, lakini nguo ina dawa. Hatari ya buibui si urefu wake; ni kuingia kwenye cheni na spoki. Baiskeli yenye kifuniko cha cheni na kinga ya gurudumu la nyuma, suruali pana ndani, na pindo lililofungwa kwa pini kando, linatosha kabisa. Baiskeli yenye chuma cha kati kilichoshuka humrahisishia kupanda na kushuka kwa sitara.

Na barabara yenyewe

Hadi hapa nimesema yanayomhusu mwendesha baiskeli. Lakini haiwezi kuwa kila siku ni yeye tu anayetakiwa kuwa mwerevu.

Barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi inapanuliwa. Hilo ni jema, na sote tulilingoja. Lakini barabara pana bila njia ya baiskeli ni mwendo wa kasi zaidi kwa magari na hofu zaidi kwa muuza madafu. Tunachohitaji si mapambo. Kwanza, ukingo uliotiwa lami, wenye upana wa kutosha baiskeli yenye mzigo, na usiokatika ghafla kama ngazi pale lami inapokutana na mchanga. Pili, matuta yaachiwe nafasi ya gurudumu pembeni, ili anayebeba trei za mayai asilazimike kuingia katikati. Tatu, kwenye madaraja, ambako nimeeleza upepo unavyofanya, kuwe na kizuizi kati ya baiskeli na magari. Nne, vituo vya matatu vijengwe nje ya njia ya baiskeli. Bila hivyo njia itakuwapo kwenye karatasi, na barabarani kutakuwa na matatu zimesimama juu yake.

Bara letu halikosi wa kuigwa. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya mwaka 2024. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, na milima ya Rwanda ikawatoa jasho mabingwa wa Ulaya. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Vijana wa Kisauni na Ukunda wanayaona haya kwenye simu zao. Wakitoka kesho kuyafuata, watatokea kwenye barabara hii hii.

Kwa hivyo nawaachia mpango wa mwaka. Disemba hadi Machi, toka Mombasa uelekee kaskazini, urudi na kaskazi. Masika yakianza, fupisha safari na ukague breki. Kuanzia Juni hadi Septemba, elekea Ukunda na Msambweni, urudi na kusi. Au panda Kwale, maana huo ni wakati wa baridi. Oktoba na Novemba, wakati wa maleleji, upepo hauna mwenyewe. Huo ni wakati mzuri wa vilima vya Rabai na Kaloleni, mradi uchunge mvua za vuli. Mwezi wowote, toka mapema, beba taa hata kama hukusudii kuchelewa, na mweleze mtu wa nyumbani njia utakayopita.

Na kabla ya kukanyaga pedali ya kwanza, simama mlangoni utazame minazi inainamia wapi. Ikiwa inainamia kule unakokwenda, usifurahi sana. Hesabu na saa za kurudi.